Kila Siku Picha Mbili

Kalumba hakukalia kiti alichopewa. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta habari ya msiba, akamwambia dada yake Mbuyu kwamba Dodo anaitaka ile albamu.

"Albamu gani?" Mbuyu akauliza, ingawa nyumba ilikuwa na albamu moja tu, na hakuna mtu wa mtaa wa Kasulo asiyeijua. Ilikuwa nene kuliko misale ya padri, ilifungwa kwa mkanda wa suruali, na siku za upepo ndiyo iliyozuia mlango usigonge.

"Usinichezee, dada. Ile ya banyama na batu."

Ilikuwa mwezi Machi mwaka 1993. Mjini Kolwezi watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanatolewa majumbani mwao mtaa kwa mtaa na kusukumwa mpaka gare, wakangoje treni ya kuwapeleka kwao. Wengi hawakuwahi kufika huko kwao. Babu zao ndio walioletwa huku kuchimba shaba, wakazikwa huku. Badibanga, mume wa Mbuyu, alikuwa mmoja wao: alizaliwa Kolwezi, alipiga picha Kolwezi miaka thelathini, na Kasai aliijua kwa hadithi za marehemu baba yake tu. Mbuyu na kaka yake walikuwa watu wa Manono, Katanga ya kaskazini, na hao hakuna aliyewagusa.

Dodo alikuwa mkubwa wa vijana wa mtaa. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya wa kuondoka, na orodha ilikuwa inamsumbua. Watu walibadili majina, wanawake walijificha nyuma ya majina ya watoto wao, mtu aliyeulizwa asili alitaja kijiji cha jirani. Sasa amesikia kwamba kwa mpiga picha kuna kitabu ambamo uso wa kila mtu umebandikwa na asili yake imeandikwa chini. Kalumba alieleza yote haya taratibu, akiitazama sakafu. Dodo akiipata albamu, ataandika nyumba kwa jina la Mbuyu, na Badibanga atabaki humo kama shemeji wa wenyeji. Asipoipata, basi wote wawili wako nje.

"Na bale batu ba mu albamu?" Mbuyu akauliza.

"Bale batakwenda. Si banaenda hata vile?"

Nje uani Badibanga alikuwa anafuta lenzi ambayo ilishakuwa safi tangu asubuhi. Kalumba alipotoka, walisalimiana kwa vidole viwili, kama watu wenye mikono michafu.

*

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia kwa wanyama. Miaka minane mfululizo, kila kiangazi, wataalamu fulani walimchukua Badibanga mpaka mbuga ya Upemba akawapigie picha. Huko alifundishwa kwamba picha isiyo na maelezo ni karatasi ya kufungia karanga. Chini ya kila mnyama lazima uandike tarehe, aina, jinsia, na mahali alipoonekana. Badibanga alirudi na mengine ambayo hakufundishwa na mtu. Aliwaambia wateja wa studio kwamba kiboko mmoja wa Lufira alifunga mdomo akamsubiri abadilishe filamu, kisha akaufungua tena pale pale alipoishia. Pundamilia wa Kibara, kwa maneno yake, hakubali kupigwa picha upande wa kulia. Simba mmoja aliulizia bei ya nakala mbili.

Yeye na Mbuyu hawakuwa na mtoto. Ili ile miezi mitatu ya kiangazi isiwatenganishe sana, walipatana: yeye huko porini apige picha moja kila siku ya kwake mwenyewe, na Mbuyu abaki na kamera ndogo, naye apige moja kila siku hapa mlangoni, yeyote atakayepita. Badibanga akirudi, walikaa mezani na gundi. Kushoto mnyama, kulia mtu, wa tarehe moja. Hivyo kila mmoja alijua siku fulani mwenzake aliamka akaona nini.

Mbuyu hapendi kazi nusunusu. Alipoona mume wake ameandika "Kiboko, dume, mto Lufira," naye akaandika upande wake vilevile: "Tshibola, mwanamke, Mwene-Ditu." Aliwauliza watu mlangoni, "Kwenu ni wapi?" nao wakamjibu huku wakicheka na kujiweka sawa mbele ya kamera. Siku hizo lilikuwa swali kama kuuliza mvua itanyesha saa ngapi.

*

"Tumupe tu," Badibanga alisema walipobaki wawili. "Dodo na vile hajue kusoma muzuri, ataanza kufukuza biboko."

Mbuyu hakucheka. Alisema nyumba hii aliikandika yeye kwa mikono yake, mwaka ambao bwana alikuwa porini na korongo wake. Alisema yeye hana kwao kwingine. Hata Manono alishaisahau njia. Kisha akanyamaza, kwa sababu alijisikia anazungumza kama Kalumba.

"Weye njo uliandika," mume wake akamwambia, bila ukali. "Weye utajua."

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa mama muuza mikate, na sahani yake imefunikwa kitambaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Abigaëlle, jina la binti yake, na tangu fujo zianze alimwambia kila aliyeuliza kwamba yeye ni mtu wa Kabongo, huku huku Katanga. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa wa Kabongo. Yeye jina lake ni Ngalula, jina la Kasai.

Aliweka sahani mezani. Alisema mafuta ya kukaangia yamepanda, halafu akasema mvua za mwaka huu ni mbaya, halafu akauliza, kama mtu anayeuliza kitu kidogo, "Kwa ukurasa yangu uliandika nini?"

Mbuyu alifungua mkanda wa suruali, akapekua. Kushoto alisimama korongo mwenye mguu mmoja ndani ya maji. Kulia Ngalula alikuwa anacheka, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Chini, kwa mwandiko mzuri wa masista waliomsomesha Mbuyu: "Ngalula, mwanamke, Mbuji-Mayi."

Ngalula alisoma kwa kidole. Alisoma mara mbili.

"Mi nilikuwa munene vile?" akasema.

Hakuomba lolote. Aliacha mikate, akachukua sahani, akatoka kwa mlango ule ule. Mbuyu aliiacha albamu wazi mezani. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa wembe wa bwana, akaketi. Aliukata ukanda wa maneno chini ya Ngalula, akafungua ukurasa uliofuata, akakata na ule. Badibanga akaleta rula, akavuta kiti. Walikata maneno ya watu, wakakata na ya wanyama ili yasionekane yamechaguliwa, wakabakiza tarehe tu, ile moja iliyoandikwa juu ya kila jozi. Vipande walivitupa kwenye makaa ya mbabula chini ya chungu. Maharagwe ya siku ile yaliivishwa kwa asili za watu mia saba, na Badibanga alidai yalikuwa na ladha ya Luputa, kule Kasai.

*

Dodo alikuja kesho yake saa tatu asubuhi, na vijana sita. Arusi yake aliipiga picha Badibanga, na picha kubwa ya arusi hiyo ilikuwa bado ukutani, Dodo amevaa suti ya kuazima. Alikaa chini yake, kwenye kiti cha mwenye nyumba. Vijana walisimama mlangoni. Kalumba alikuja pia, akajiegemeza ukutani kama aliyetumwa kuulinda usianguke.

Dodo alifungua albamu magotini. Akafunua kurasa tano, kumi.

"Maneno iko wapi?"

Badibanga alieleza kwamba gundi ya zamani ilitengenezwa kwa unga wa muhogo, na mende wa Kasulo wanajulikana. Wanaacha picha, wanakula maandishi.

Dodo alipitisha ukucha kwenye ukingo wa karatasi, ulionyooka kama njia ya reli. "Mende ya kwako, tata, inakulaka na rula."

Hakukasirika bado. Alimwita Mbuyu asimame kando yake, na kwa kila uso akaweka kidole na kuuliza: uyu wa wapi? Mbuyu akajibu Manono. Na uyu? Manono. Mama huyu wa nyanya? Manono. Dodo akasema kumbe Manono yote ilihamia Kasulo, huko siku hizi kumebaki mbuzi tu. Vijana wakacheka, na Mbuyu mwenyewe alikaribia kutabasamu. Chumba kililegea. Kwenye uso wa Ngalula kidole kilisita kidogo, Mbuyu akasema Kabongo, kwa sauti ile ile, na kidole kikaendelea. Kalumba alivuta pumzi. Pengine yangeishia hapo: Dodo angepiga kelele, angechukua redio, angewaacha.

Kisha akafunua ukurasa wa mwezi wa sita.

Kushoto ngiri alikuwa amesimama mbele ya shimo lake, pembe za mdomo zimepinda juu, mashavu yamevimba, akiitazama kamera kama anayedai kitu chake. Kulia alisimama Dodo, miaka minne nyuma, mlangoni pa nyumba hii hii, mdomo wa chini umetangulia, masharubu machache yamepinda juu, mashavu yamevimba.

Kijana mmoja aliyechungulia begani alitoa sauti ya kukohoa. Wa pili hakujitahidi hata kukohoa.

"Nani alitia mi na ngiri?" Dodo akauliza.

"Ni tarehe, mukubwa," Badibanga akasema haraka. "Kila mutu anapata ile siku ilileta. Katekista iko na fisi, tazama, na yeye hakununa."

Akamwonyesha. Kweli katekista alikuwa na fisi, na wote wawili walikuwa wanatabasamu. Hapo vijana walishindwa kabisa. Mmoja aliketi kizingitini akijishika tumbo, na jina likatajwa, Ngiri, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Dodo alilisikia. Kila mtu chumbani aliona kwamba jina hilo litamfuata mpaka sokoni, na mpaka kaburini likipenda.

Alifunga albamu, akaiweka kwapani, akasimama. Aliishusha picha ya arusi ukutani, nayo akaiweka kwapani. Akasema kwa upole kwamba saa sita mchana anataka kuona mlango huu hauna mtu.

"Lakini tulipatana," Kalumba akasema.

"Tulipatana na batu. Na ngiri hakuna mutu alipatana."

*

Walitoka na sanduku moja na godoro. Kamera zote mbili zilibaki mikononi mwa vijana njia panda. Kalumba aliwafuata mpaka barabara kubwa akimshika dada yake kiwiko, akimwambia nyumba yake ina chumba, akimwambia maneno ambayo kaka humwambia dada mwenye ndoa isiyo na mtoto: kwamba hakuna kinachomfunga. Mbuyu alikitoa kiwiko chake bila kugeuka. Pale pale Kalumba akasimama, akawatazama mpaka godoro lilipopotea kati ya magodoro mengine.

Gare ilikuwa imejaa tangu mwezi uliopita. Watu walilala chini ya mabati, chini ya mahema ya plastiki, kati ya reli. Maji ya bomba yaliuzwa na waliokuwa wanakwenda kazini na kurudi majumbani mwao. Mwalimu wa hesabu wa sekondari alioga nyuma ya khanga iliyoshikwa na wanafunzi wake wa zamani. Majirani wa Kasulo waliotolewa mwanzoni walikwisha kwenda na treni ya kwanza, wakipitia Tenke. Waliokaa na Mbuyu na Badibanga sasa walikuwa wageni, watu wa mitaa mingine na wa Mutshatsha. Badibanga wengi walimtambua, studio yake ilikuwa mjini. Mbuyu hakutambuliwa na yeyote. Miaka yote alikuwa nyuma ya kamera.

Jioni ya kwanza Badibanga alimwambia mke wake: leo ningepiga yule mzee aliyefunga kuku kwenye kifundo cha mguu ili asiibiwe. Na weye? Mbuyu akakung'uta godoro. Kesho yake akamwuliza tena, Mbuyu akaenda kununua maji. Siku ya kumi, mchana, akiwa anachambua mchele mdogo wa msaada, akasema bila kuinua macho:

"Ngiri ilikuwa ya tarehe kumi na moja."

Badibanga hakuelewa.

"Dodo ilikuwa tarehe kumi na mbili. Ya kumi na mbili weye ulileta swala. Mi njo niligeuza." Siku ile, akaeleza, Dodo alisimama mlangoni, akajinyoosha kwa picha, kisha akamwambia kwamba mwanamke asiye na mtoto hupenda kukusanya sura za watoto wa wengine. Yeye akampiga picha vilevile. Gundi ilipofika, mkono ukajifanyia kazi. "Paka ile moja tu. Ingine yote ni kweli. Nyumba imekwenda ju ya mi."

Mume wake aliutazama mchele. Akaokota changarawe moja, akaitupa.

"Na katekista na fisi?" akauliza.

"Ile ni tarehe yake kabisa."

Badibanga alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka machozi yakatoka, mpaka mama wa hema la pili akaja na kikombe cha maji akidhani kuna ugonjwa.

*

Treni ilikuja siku ya ishirini na tatu, mabehewa ya mizigo bila viti. Kamati ya wakimbizi wenyewe ilisimamia orodha, na karani wake, Tshiamala, alikuwa zamani wa ofisi ya mishahara. Aliwaita watu kwa sauti ya mtu ambaye ofisi yake bado ipo. Badibanga alikwisha kupanda kushika nafasi. Alikuwa amekalia sanduku, magoti yamefunguka, kulinda pembe ya watu wawili.

Mbuyu alisimama mezani. Tshiamala akauliza jina, akauliza asili.

"Manono."

Kalamu ikasimama. Karani akamwambia, kwa heshima, kwamba treni hii si ya watu wa Manono. Mbuyu akasema yeye ni mke wa Badibanga, mpiga picha, yule pale juu. Tshiamala hakugeuka kutazama. Kwenye treni iliyopita, akasema, mzee mmoja aliandikisha wake watatu, na wote watatu walikuwa wachuuzi wenye magunia ya chumvi. Watoto wenye surua wakabaki chini. Neno la mume halikubaliki tena. Cheti cha ndoa kiko? Kilibaki nyumbani. Picha ya ndoa? Katika picha zote mia saba Mbuyu hakuwamo hata moja.

"Batoto?"

"Hakuna."

Foleni nyuma yake ilicheka kidogo, si kwa ubaya, kwa uchovu. Tshiamala alipangusa uso. Akasema basi alete shahidi mmoja, Mkasai anayejulikana, aliyewaona wakiishi pamoja. Mmoja tu, mama, na haraka.

Mbuyu alizungusha macho. Nyuso zilimtazama kama wanavyotazamwa watu waliochelewesha treni. Na kati ya nyuso hizo, karibu na bomba, alimwona Ngalula na beseni la mikate kichwani. Tangu wiki ya pili alikuwa anakuja gare kuuza. Akipita kwao aliacha minne kwenye kifuniko cha sufuria na kuendelea, bila neno. Sasa alikuwa amesimama. Amesikia yote. Hatua chache upande wa pili, vijana wawili wa Dodo, waliotumwa kuhesabu wanaoondoka, walikuwa wameegemea nguzo wakila mikate yake.

Ngalula alishusha beseni kutoka kichwani. Akaliweka chini. Akasogea mezani akijifuta mikono kwenye kitambaa, na midomo yake ilikuwa imekwisha kufunguka.

"Mi namujua uyu mama," akaanza. "Mi ni mutu wa..."

"Wa Kabongo," Mbuyu akamkata. Alisema kwa sauti kubwa, ya dharau, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu. "Anauzishaka mikate, tata karani. Ananidai. Hanijue, mi na miye simujue. Mama, kamata bitu byako, utoke mu foleni ya batu."

Ngalula alisimama na mikono ndani ya kitambaa. Mmoja wa wale vijana aliinua macho kutoka kwenye mkate, akatazama, akarudi kutafuna.

"Basi," Tshiamala akasema. "Anayefuata."

Juu ya behewa Badibanga hakusikia maneno, lakini miaka thelathini alikuwa akitazama watu wakisema bila kuwasikia. Alisimama. Alitupa godoro kwanza. Kisha akateremsha sanduku, akilishika kwa mkanda, kisha yeye mwenyewe, kinyumenyume, mguu mmoja ukipapasa hewa kutafuta ardhi. Kabla mguu haujagusa chini, pembe yao ilikuwa imejaa watoto wa mtu.

"Unateremuka kufanya nini?" Mbuyu alimwuliza alipomfikia. Sauti ya dharau ilikuwa bado imemkaa kooni, ikatoka kama ugomvi.

"Ingine itakuya."

"Nani anasema itakuya?"

"Hakuna."

Akaweka sanduku chini, wakakaa juu yake wote wawili, migongo ikiwa imegusana kwa sababu sanduku lilikuwa dogo. Mabehewa yalivutika, yakagongana, yakaanza kwenda. Karibu na bomba mama wa Kabongo alikuwa amekwisha kuweka beseni kichwani na kuwapa mgongo, anaita wateja: mikate, mikate ya moto. Sauti ilikwama mara moja, halafu ikaendelea.